Agapanthasi, dietesi, sansevieria au yungiyungi la porini: ua lipi linafaa bustani ya Dodoma?

Kila Januari, mvua zikiwa zimekolea, watu wa Dodoma hununua miche kwa wingi. Udongo umelainika, sululu haihitajiki, na muuzaji akikuhakikishia kwamba mmea huu unavumilia ukame huna sababu ya kumbishia, kwa sababu siku hiyo hata majani ya kando ya barabara yamenenepa. Mtihani wenyewe unakuja Septemba, upepo ukipeperusha vumbi tangu asubuhi na maji ya bomba yakija kwa zamu.

Ninatunza bustani za nyumba hapa mjini, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni la maua ya majani marefu bapa, yale yanayoota kwa mafungu kutoka chini na kudumu miaka bila kupandwa upya. Wengi wanakuja na picha ya agapanthasi kwenye simu, ile yenye vichwa vikubwa vya bluu. "Fundi, hii inakunywa maji mengi?" Jibu langu huwa refu kidogo, kwa sababu kuna mimea minne ya sura hiyo inayostahili kufikiriwa hapa kwetu, yote husifiwa kwa kuvumilia ukame, na kila mmoja unavumilia kwa njia yake. Sansevieria na dietesi hubana matumizi na kubaki kijani. Yungiyungi la porini hulala: majani hukauka, uhai ukabaki ardhini. Agapanthasi hula akiba iliyo mizizini, ikaonekana nzima, lakini gharama yake ni maua ya mwaka unaofuata, kama mkulima anayekula mbegu alizoweka kwa msimu ujao.

Hapo ndipo uchaguzi wote ulipo. Usiulize tu kama mmea utakuwa hai Novemba. Uliza utakuwa na sura gani Novemba, na kama utachanua mvua zikirudi.

Kiangazi chetu kinadai nini

Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,100. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 600 hivi. Mei mpaka Novemba hakuna cha kutegemea. Ndani ya miezi hiyo kuna vipindi viwili vya tabia tofauti. Juni na Julai usiku ni baridi, joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mmea wenye mizizi mizuri hupita bila shida. Kuanzia Septemba jua hupanda, mchana hufika nyuzi 30 na kuzidi, na upepo wa mashariki na kusini-mashariki hunyonya unyevu wa majani kuliko jua lenyewe. Mimea ya bustani haifi Julai, inakufa Oktoba.

Kabla ya kuchagua, fanya hesabu ya maji, nayo ni rahisi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitaka kuipa bustani milimita 10 kwa wiki, kiasi ambacho mimi hukihesabu kuwa cha chini kwa mmea unaotarajiwa kuchanua vizuri, unahitaji lita 10 kwa kila mita ya mraba. Tuta la kando ya ukuta lenye mita za mraba 20 litakula lita 200 kwa wiki, yaani madumu 10 ya lita 20. Mei hadi Novemba ni wiki 30. Jumla ni lita 6,000. Kwa mwenye kisima chake hilo ni jambo dogo. Kwa anayenunua maji ya boza ni fedha inayohitaji kufikiriwa, na kwa mpangaji anayejaza ndoo usiku bomba likifunguka, ni kazi ya mtu mzima.

Na usisahau udongo. Kwenye miinuko mingi ya mji tuna udongo mwekundu wa kichanga, mwepesi juu, lakini ukichimba unagonga tabaka gumu linalozuia mizizi na maji. Mabondeni ni mfinyanzi mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, yakikauka lijaze tena. Ikiwa maji ya pili bado yamesimama kesho yake asubuhi, panda juu ya tuta lililoinuliwa au uvunje lile tabaka kwa sululu. Mimea yote minne inachukia kukaa na miguu majini. Sansevieria inachukia zaidi.

Agapanthasi: nzuri kuliko zote, na inayodai kuliko zote

Sitaki kumkatisha mtu tamaa ya agapanthasi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hii mimea mingine unaoweza kutoa kile inachokitoa ikiwa imeridhika: bua refu lililonyooka, mara nyingine kufikia mita moja, na juu yake kichwa cha mviringo chenye maua kwa makumi, ya bluu au meupe, yanayofunguka kwa kupokezana kwa wiki kadhaa.

Asili yake ni Afrika Kusini na nchi zinazopakana nayo. Kuna makundi mawili, na tofauti yake ina uzito kwa mnunuzi wa Dodoma. Kundi la kwanza linabaki na majani mwaka mzima, na agapanthasi nyingi za bustani zinatokana na spishi ya kundi hili iitwayo Agapanthus praecox. Kundi la pili hupukutisha majani majira ya baridi na kuchipua upya kukipata joto. Hilo la pili limezoea baridi kali kuliko yetu, mimi silipendekezi hapa. Ukinunua, uliza kama mama wa mche ule ana majani wakati wote. Muuzaji asipojua, nunua mche ambao majani yake ni mapana, yenye kung'aa, na yanaanzia kwenye shingo nene.

Uvumilivu wake uko chini ya ardhi. Ukilichimbua fungu lililozeeka utakuta mizizi minene, myeupe, yenye nyama, imejisokota mpaka udongo hauonekani katikati. Hiyo ndiyo ghala. Mmea unaweza kukaa wiki nyingi bila maji ukiitumia, majani yakinywea kidogo na ncha zikigeuka kahawia, na mwenye nyumba akafurahi kwamba alichagua vizuri. Lakini tumba la ua la agapanthasi hujiunda ndani ya shingo ya mmea miezi mingi kabla halijatokeza nje. Mmea ukipata dhiki kubwa kipindi hicho, tumba halijiundi. Desemba mvua zinakuja, majani yanapendeza, na bua halitoki. Watu huja kuniuliza mbolea gani wanunue, wakati tatizo lilikuwa maji ya Mei na Juni.

Kwa hiyo ukiichagua agapanthasi Dodoma, maji yako ya thamani kubwa ni yale ya miezi miwili au mitatu baada ya mvua kukatika. Zile lita 10 kwa mita ya mraba kila wiki, usizikose mpaka Julai. Oktoba, joto linapozidi, rudia tena. Katikati unaweza kulegeza. Na mwagilia kwa kina, mara moja kwa wiki, jioni, badala ya kunyunyiza kila siku. Maji ya kunyunyiza yanaishia sentimita chache za juu na upepo unayachukua kabla mizizi haijayaona.

Jua nalo linahitaji hesabu. Vitabu vya nchi za baridi vinasema ipandwe kwenye jua kamili. Hapa jua kamili la alasiri huchoma majani yake yakawa na mabaka ya rangi ya karatasi. Inataka jua la asubuhi mpaka kama saa sita, kisha kivuli. Upande wa mashariki wa nyumba ungefaa kabisa, isipokuwa kwamba upepo wetu wa kiangazi unatoka huko huko. Suluhisho ni ukuta wa uzio au safu ya vichaka umbali wa mita mbili tatu mbele yake, vinavyokata upepo bila kuziba jua. Chini ya mwembe mkubwa usiipande. Itatoa majani ya kupendeza na maua hutayaona.

Mbolea: samadi iliyooza vizuri mara moja, mvua zinapoanza, inatosha. Ukiimwagia yuria ovyo itanenepa majani na kusahau kuchanua. Upandaji wake si wa kuzamisha, shingo ikae usawa wa udongo, na kati ya mche na mche acha sentimita 40 hadi 50. Baada ya miaka minne au mitano fungu hubanana. Kubanana kidogo hakuna madhara, hata huonekana kusaidia kuchanua, lakini ukiona katikati pamekuwa patupu na mabua yamepungua, gawa. Fanya hivyo Februari, maua yakiisha na mvua zikiwa bado zipo. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu. Chimbua fungu zima, likate kwa panga kali lililosafishwa, kila kipande kibaki na shingo mbili tatu na mizizi ya kutosha, punguza majani nusu, panda siku hiyo hiyo au kesho yake. Mwaka unaofuata huenda kisichanue kabisa, na hilo ni la kawaida.

Ukitembelea bustani za Lushoto utaona agapanthasi inachanua bila mtu kuihangaikia. Huko ubaridi na ukungu wa milima ya Usambara unafanya kazi ambayo Dodoma utaifanya wewe kwa ndoo. Vivyo hivyo, mtu wa Mpwapwa anayeishi kuelekea milimani ataipata kwa gharama ndogo kuliko mtu wa Bahi.

Dietesi ikiwekwa kando ya agapanthasi

Hii watu wengi hawaijui kwa jina, ingawa huenda wameipita kwenye bustani za ofisi. Majani yake ni membamba kuliko ya agapanthasi, magumu, yamesimama wima, kijani kilichofifia kidogo, urefu wa sentimita 60 hadi mita moja. Maua ni madogo, bapa, ya petali sita. Kuna ya rangi ya maziwa yenye madoa meusi-kahawia, na kuna meupe yenye njano na zambarau katikati. Spishi moja, Dietes iridioides, asili yake inaanzia Afrika Kusini inapanda mpaka Ethiopia kupitia Afrika Mashariki. Nyingine za bustani zinatoka kusini.

Nikiziweka mbili hizi pamoja mbele ya mteja, namwambia hivi. Agapanthasi inakupa sherehe moja kubwa kwa mwaka. Dietesi inakupa maua machache machache mara nyingi. Ua moja la dietesi mara nyingi halimalizi siku, linafunguka asubuhi na jioni limenyauka, lakini mengine yanafuata, na hutoka kwa mafungu, hasa hali ya hewa ikibadilika kuelekea mvua. Anayetaka kukata maua aweke mezani achague agapanthasi, kwa kuwa dietesi haifai chombo hata kidogo. Anayetaka mstari wa kijani wa kudumu kando ya njia ya gari, usiohitaji kuangaliwa, achague dietesi wala asisite.

Kwenye maji tofauti ni kubwa. Mwaka wa kwanza dietesi inahitaji kutunzwa sawa na agapanthasi, na inachelewa. Miezi mingi itaonekana haifanyi kitu huku inatafuta njia ya mizizi. Ikishashika, mimi huipa lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya wiki mbili wakati wa joto, na kila baada ya wiki tatu Juni na Julai. Kwa lile tuta la mita 20 hesabu inashuka chini ya nusu. Hata ukisafiri mwezi mzima Septemba, utakuta majani yamekuwa na ncha kavu, basi. Jua la Dodoma inalimudu kutwa nzima, na majani yake membamba hayachanwi na upepo.

Kosa linalofanywa sana kwa dietesi ni kufyeka mabua baada ya maua ya kwanza, kwa kudhani yamemaliza kazi. Ile iridioides huchanua tena na tena kwenye bua lile lile kwa muda mrefu. Ondoa ua lililonyauka au vibeba mbegu, bua liache mpaka likauke lenyewe. Jambo jingine: haipendi kuhamishwa. Ukiigawa itasusa karibu msimu mzima, kwa hiyo panda mahali ambapo huna mpango wa kujenga choo au banda la gari mwaka ujao. Mbegu zake huota, na hiyo ni njia nafuu kwa mwenye subira.

Yungiyungi la porini: linalolala

Hili halikuagizwa kutoka kokote. Pita kando ya mbuga baada ya mvua za kwanza na utayaona maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi au mwekundu katikati ya kila petali, yametoka kwenye ardhi ambayo wiki mbili nyuma ilikuwa kavu kabisa. Ni jamii ya Crinum. Spishi zinazoota Tanzania ni pamoja na Crinum kirkii na Crinum macowanii. Majani yake ni mapana, marefu, yenye mawimbi pembeni, yamelala chini kwa kujitandaza.

Siri yake ni tunguu, kitunguu kikubwa kilichozama ardhini. Mvua zikikatika mmea unarudisha chakula chini, majani yanageuka njano na kukauka, na kuanzia Juni au Julai hakuna kitu cha kuonekana. Maji ya kiangazi: sifuri. Narudia kwa sababu watu hawaamini. Ukilimwagilia kila siku likiwa limelala kwenye mfinyanzi unaweza kulioza. Mvua zikirudi linaamka, na maua yake hufunguka jioni yakiwa na harufu nzuri inayowavuta nondo wakubwa.

Kwa uvumilivu wa ukame halina mpinzani hapa. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa kwa mtu wa mjini: kwa miezi mitano hivi una udongo mtupu mahali hapo, tena katika miezi ambayo harusi na sherehe nyingi za nyumbani hufanyika. Kasoro ya pili ni subira. Usiende kuyang'oa porini, kwa sababu tunguu linalochimbuliwa likiwa na maua mara nyingi husinyaa, na mbuga inabaki tupu. Chukua mbegu. Ni kubwa, mbichi, zenye nyama, na hazihitaji kuzikwa wala kumwagiliwa ili ziote. Ukiziacha dirishani zitatoa mzizi zenyewe. Mzizi ukishatokea, ilaze mbegu juu ya mchanga uliochanganywa na mboji, ndani ya kiriba kirefu, na usiifunike yote. Kutoka hapo mpaka ua la kwanza ni miaka, mitatu kwa uchache na mara nyingi zaidi. Mwenye bahati ya kupewa tunguu lililozaliwa kwenye bustani ya jirani alipande shingo ikiwa nje ya udongo, mahali penye jua, na asilihamishe tena.

Adui wake mkubwa ni kiwavi mweusi mwenye mistari ya madoa ya njano, anayekuja kwa makundi wakati wa mvua. Anaanza na majani, kisha anaingia shingoni, na akifika kwenye tunguu ameshinda. Kagua jani kwa chini kila baada ya siku chache Januari na Februari, waokote kwa mkono mapema. Dawa ya kupulizia ukichelewa haiwafikii tena.

Sansevieria, kwa ufupi

Sina mengi ya kusema kwa sababu haina shida nyingi. Majani magumu yaliyosimama, yenye mistari ya kijani iliyokolea na iliyofifia, mengine na ukingo wa njano. Ile ya bustani ilitoka Afrika Magharibi, lakini ndugu zake wa porini wamejaa kwenye vichaka vyetu vya miiba, na nyuzi zake zimesokotwa kamba tangu zamani. Hufungua vitundu vya majani usiku, hewa ikiwa imepoa, na kuvifunga mchana, ndiyo maana hupoteza maji kidogo mno.

Wale wa porini huota chini ya vichaka, wala si katikati ya uwanja. Hilo likuongoze: kivuli chepesi au jua la asubuhi ndipo rangi yake hukolea. Juani kutwa nzima haifi, inapauka. Maji ndoo moja kwa mita mbili za mraba kwa mwezi yanaitosha, na inayokufa Dodoma huwa imekufa kwa maji mengi, shina limeoza chini huku majani ya juu yakionekana salama. Ukitaka kuizidisha aina ya ukingo wa njano, gawa shina lenyewe. Ukipanda vipande vya jani, watoto watatoka kijani bila njano. Maua yake ni ya kijani-nyeupe, madogo, yana harufu usiku, na hakuna anayeipanda kwa ajili hiyo.

Chumvi, mchwa na mbuzi

Visima vingi vya mkoa huu vina maji ya chumvi. Ukiona ungaunga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua kwenye mimea yote kwa pamoja, tatizo ni maji. Wakati wa mvua acha maji ya bati yaoshe tuta: paa la mita za mraba 100 kwa mvua ya milimita 20 tu linatoa karibu lita 2,000, hata ukitoa zinazopotea bado ni nyingi. Kiangazi, kumwagilia kidogo kidogo mara kwa mara ndiko kunakolundika chumvi juu, sababu nyingine ya kumwagilia kwa kina.

Matandazo ya majani makavu husaidia sana kuhifadhi unyevu, lakini hapa huita mchwa, na mchwa wakishakula yale makavu hugeukia shingo za mimea iliyodhoofika. Natumia kokoto ndogo, unene wa sentimita tano, zisizogusa shingo. Kwa sansevieria na dietesi ni nzuri mno. Kwa agapanthasi iliyo juani kokoto huongeza joto, hivyo afadhali mboji iliyooza kabisa.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo, tunguu la yungiyungi ndilo la kuogopa zaidi: lina sumu, ukilila utatapika na kuharisha vibaya, na mtoto anaweza kulidhania kitunguu. Agapanthasi huunguza mdomo. Mifugo nayo isiachwe kwenye mimea hii, hata sansevieria na dietesi. Mbuzi mwenye njaa ya Oktoba huonja kila kilicho kijani, na madhara yatakuwa kwenu wote wawili. Uzio kwanza, maua baadaye.

Sasa uchague

Mwenye kisima au tangi kubwa, mtu wa kumwagilia anayeaminika, na ukuta wenye kivuli cha alasiri, apande agapanthasi kwa moyo mweupe. Ila aanze na eneo dogo karibu na mlango, mahali itakapoonekana, badala ya kuzungusha uzio mzima. Mita tatu za mraba zilizoshiba maji zina maua kuliko mita 20 zilizonyimwa.

Mwenye nyumba mpya huko Nzuguni, Mkonze au Ihumwa, uwanja wazi, upepo wa kutosha na maji ya kuhesabu, dietesi ndiyo yake. Nikilazimika kuchagua mmea mmoja kwa ajili ya Dodoma nzima ningeuchagua huu, na ninasema hivyo nikijua kwamba hauna uzuri wa agapanthasi.

Mpangaji, au mtu anayesafiri kikazi miezi mingi, achukue sansevieria kwenye vyungu vyenye matundu makubwa chini. Akihama anahama nayo. Shamba la nje ya mji, kaburi la familia, uwanja wa kanisa au msikiti usio na bomba: yungiyungi, na lisimwagiliwe.

Kuna mchanganyiko mmoja ninaoupenda kuliko kupanda aina moja peke yake, nao ni dietesi pamoja na yungiyungi. Panda dietesi kwa mstari wa nyuma, umbali wa sentimita 60 kati ya mche na mche, na matunguu ya yungiyungi mbele yake, sentimita 50 kutoka kwenye mstari. Kiangazi yungiyungi likitoweka, majani ya dietesi yanabaki yakifunika ukuta. Desemba yungiyungi linajaza mbele. Shida pekee ni maji, kwa kuwa mmoja anakunywa na mwingine amelala. Basi chimba kijifereji nyuma ya dietesi, upande wa ukuta, kikae umbali wa nusu mita kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mimina maji humo tu. Weka vijiti kuonyesha matunguu yalipo kabla majani hayajakauka, ili kijana wa kupalilia asiyakate kwa jembe Agosti.